Mfalme wa Roma Chini ya Masale

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu asubuhi. Tabitha, mke wangu, kanituma kuchimba shimo la mgomba kule mpakani. Mimi, mtu mzima, natumwa kwenye kihamba changu mwenyewe, shamba nililoachiwa na ukoo. Nikachimba kwa hasira, jirani kabisa na masale, yale majani aliyopanda babu kuonyesha kwetu kunaishia wapi na kwa Eliufoo kunaanzia wapi. Jembe likagonga chuma. Sarafu mbili! Moja nyeusi, ina mwanamume mwenye ndege kichwani na herufi zilizofutika, imebaki PERATOR tu. Nyingine ya kijani, haina kichwa, ina namba tu.

Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la ukoo. Loveness, mtoto wa kaka, anasoma chuo, kajibu kwamba neno hilo ni Kilatini, lugha ya Roma ya kale. Akaendelea kuandika mambo marefu. Sikuyasoma. Roma yatosha.

Tabitha kauliza shimo liko wapi. Watu wengine ukiwaonyesha dhahabu wanakuuliza habari za mgomba.

Jumanne, 4 Machi

Nimesugua sarafu kwa majivu na waya wa sufuria. Mfalme kapoteza pua, kisha jicho. Majivu ya Tabitha yana mawe. Nimemwambia, kachukua waya wake kaenda kuosha sufuria.

Eliufoo kaja kuomba chumvi. Ni mtoto wa baba mkubwa, tumekua pamoja, na sijawahi kumpenda. Kwa kuwa alipandisha watalii mlimani miaka mingi, anajiona kazaliwa Ulaya. Kaitazama sarafu, kasema wafalme wa Roma walivaa majani kichwani, siyo kuku. Nikamwambia sikumwita. Akaondoka, lakini njiani kasimama kuangalia mpaka. Nimemwona. Huyo atachimba.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuwahi. Eliufoo alikuwa mnadani Kwa Sadala. Nikang'oa masale yote, toka barabarani mpaka kwenye mfereji, nikachimba mstari mzima. Nilipanga kuyarudisha kabla hajafika. Nimepata betri, kijiko na sarafu tatu zaidi zenye namba.

Kisha mvua. Mvua gani inayonyesha mpakani tu! Mtaro umejaa tope, hata mimi sijui tena mstari ulipita wapi. Masale nimeyaegesha ukutani. Yanaanza kunyauka makusudi.

Alhamisi, 6 Machi

Eliufoo kaona. Alikuja na shoka mkononi, ingawa anasema alikuwa anapasua kuni. Kasema babu yetu aliyapanda kwa mkono wake mwenyewe, na hata ng'ombe hula akiyazunguka. Kasema mwizi wa kuku ana nafuu kuliko mimi. Nikamjibu kwamba babu alikuwa babu yangu pia, nina haki ya kung'oa nusu. Hakuona mantiki.

Wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi. Tabitha kafungua mdomo hatimaye. Migomba ya upande ule ndiyo chakula cha ng'ombe wake, na ng'ombe ndiye maziwa, na maziwa ndiyo sare za watoto. Kasema migomba ikienda, mimi ndiye nitakayeshuka tambarare kukata nyasi na kuzipandisha kwa kichwa changu mwenyewe. Niliogopa, na nachukia kuogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Moshi mjini. Nimempelekea sarafu Vedastus, anayeuza vitu vya kale nyuma ya soko. Nikiwa tajiri, nitanunua hata masale mapya. Kaiinamisha ile yenye ndege dirishani mwanga uipige kwa ubavu, kaweka karatasi nyepesi juu, kapitisha penseli taratibu. Herufi zikatoka. Kasema ni rupia ya Mjerumani, na mwenye ndege ni mfalme wao kavaa kofia ya vita. Kilatini walikiandika kwa maringo tu. Zile za namba zilikuwa za shamba la mzungu: ukichuma debe la kahawa unapewa moja, ukazibadilishe siku ya malipo.

Kauliza nani kaiparua. Nikasema niliikuta hivyo. Kasema ingebaki na uchafu wake angeinunua. Huyu kapigiwa simu na Eliufoo. Nikasoma yale marefu ya Loveness kwenye gari. Yanasema hayohayo. Na yeye kapigiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu. Babu Anaeli, mkubwa wa ukoo, kauliza mpaka ulikuwa wapi. Nikaonyesha hapa, Eliufoo kule. Kasema aliyeng'oa shahidi hawezi kuleta ushahidi. Wakavuta kamba alikoonyesha Eliufoo. Migomba yote ya ng'ombe imehamia kwake.

Nikaambiwa nilete mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la sale, niombe msamaha. Ukiletewa sale huruhusiwi kukataa, hata ungekuwa na uchungu namna gani. Lakini yangu yamekauka! Ikabidi nimwombe Eliufoo anikatie kwake ili nimpelekee yeye. Kachagua polepole, kaacha mawili matatu yenye madoa, kanipa. Nikampa. Kanisamehe mbele ya watu wote. Mbege kainywa karibu yote yeye.

Jumapili, 9 Machi

Nimepandisha nyasi kabla ya ibada. Shingo haigeuki. Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiri.

Vedastus kasema Mjerumani. Sawa. Mjerumani aliweka wapi mali zake? Kanisani. Na kihamba changu upande wa juu kinapakana na nini? Na kanisa. Masale ya pale ni manene, hayajaguswa tangu enzi hizo. Migomba iliyobaki yote iko upande huo, kwa hiyo hakuna atakayeshuku nikionekana nachimba.

Tabitha kaficha jembe. Nimekwenda kuazima la Eliufoo. Kauliza nachimba wapi, nikamwambia. Kanipa upesi, kalinoa kwanza, kaniombea na heri. Kumbe ule msamaha ulimwingia kweli.