Vita vya Mikebe Miwili ya Unga Mweusi

Kifuniko cha birika kiligonga kwa-kwa-kwa kabla jogoo hajawika, nami nikajua Jepchumba ameamka kwenda vitani. Sogeeni, enyi watu wa Munyaka, nanyi mlioshuka kutoka Ainabkoi na magunia ya viazi! Wekeni mizigo chini, mnyamaze, niwasimulie jinsi mjukuu wangu Jepchumba, Simba Jike wa Udongo, Mfinyanzi wa Kesses, alivyopigana na unga mweusi akaushinda kwa maji ya bomba.

Chanzo cha vita ni mkono wangu huu. Nilimsaidia jirani yangu Virginia, mjane, kuosha vyombo, nikaangusha kikombe cheupe chenye mstari wa buluu, ambacho marehemu mumewe alikinywea miaka thelathini. Virginia hakunikemea. Aliokota vigae akaniuliza kama nimejikata. Wema ule uliniuma kuliko matusi.

Jepchumba, anayesomea kemia, akaapa kukirudisha. Akafinyanga kikombe kama kile, akatafuta oksidi ya kobalti, unga mweusi, kijiko kimoja tu, wa kuchorea mstari. Tanuri la mwalimu wake lingewashwa asubuhi hiyo saa mbili, kisha lisiwashwe tena hadi muhula ujao.

Nami kwa kupenda usafi, ole wangu, nilikuwa nimeumwaga unga huo kutoka kwenye karatasi yake hadi ndani ya mkebe mtupu wa kakao. Kando yake ulisimama mkebe mwingine wa kakao, wenye unga wa makaa ya mti wa senetwet, ule tunaopaka ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa yagande kuwa mursik. Mweusi kwa mweusi! Mkebe kwa mkebe!

"Kogo!" akanguruma Jepchumba, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Kobalti ni gani?"

"Ya kulia."

"Kulia ukisimama wapi?"

Nikageuka huku, nikageuka kule, kama jeshi lililopotea njia.

"Nikipaka makaa, moto utayala yote, kikombe kitoke kitupu kama kipara! Na hii nyingine ikiingia kwa kibuyu, tutawapa wageni sumu!"

Hapo akaingia Mzee Zachariah, jirani aliyekuja kuchukua maziwa, shujaa wa vita ambavyo hakuna aliyeviona.

"Mnasumbuka na nini? Mursik nimekunywa miaka sabini. Leteni nionje, niwaambie." Akanyoosha kidole kama mkuki.

"Mzee, rudisha hicho kidole!"

Kidole kikarudi nyuma kwa aibu. Jepchumba akapanda juu ya kigoda, akahutubia majeshi, yaani mimi, Mzee na paka.

"Nisikilizeni! Makaa ni mti, na mti ni mwepesi. Lakini oksidi ya kobalti ni metali iliyoshikana na oksijeni, na uzito wake si wa mchezo. Maji yataamua!"

Tukaleta chupa mbili za maji. Akatia chembe za mkebe wa kwanza, akakoroga kwa kijiti. Wapiganaji weusi wakazunguka juu ya maji, wakakataa katakata kuzama. Akatia za mkebe wa pili, akakoroga. Jeshi zima likazama, likalala chini bila hata kuomba msamaha.

"Hii hapa!" akalia Jepchumba, nami nikapiga vigelegele, paka akatoroka.

"Mimi pia ningejua," Mzee akanung'unika.

"Ungejulia hospitali, Mzee."

Akachora mstari. Ulikuwa mweusi kama tope la barabarani.

"Na huu utakuwaje buluu?" nikauliza.

"Motoni, Kogo, inaachilia oksijeni kidogo, halafu inayeyuka ndani ya ile rangi ya juu inayogeuka kioo. Ikishaingia kwa kioo, ni buluu."

Nilikubali shingo upande, naye akakikimbiza kikombe tanurini kabla ya saa mbili. Siku mbili sikulala vizuri.

Siku ya tatu kikombe kikaja, na mstari wake ulikuwa buluu, umenenepa kidogo upande mmoja. Iandikwe basi katika tarehe za Uasin Gishu kwamba siku hiyo weusi ulishindwa, na hakuna aliyemwaga damu!

Tukampelekea Virginia. Alikigeuza mkononi. Kisha akamimina chai ya maziwa mpaka ukingoni, akanywa mwenyewe, akacheka huku akijifuta macho.

"Kile cha kwanza, marehemu hakuniachia hata nikionje," akasema. "Kumbe chai yake ilikuwa tamu hivi!"

Tulipoinuka kuaga, akamshika Jepchumba mkono, hakuuachilia.

"Jumapili mje tena, tafadhali. Nitapika mukimo. Mje mapema, tukae."