Ombi la Nyumba Yetu Kuandikishwa Kuwa Timu

Kwa Mkurugenzi wa kampuni anakofanya kazi mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kati ya kikao kimoja na kingine. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba, binti wa mratibu wako, yule anayehakikisha kwamba timu zako zote zinazotengeneza programu ya simu ya kuweka miadi ya daktari zinaelewana. Mama amenieleza kazi yake vizuri. Timu moja inatengeneza kitufe, nyingine inatengeneza kinachotokea kitufe kikibonyezwa. Zisipokutana, mgonjwa wa jino atapelekwa kwa mkunga. Kwa hiyo sipingi vikao. Nina malalamiko machache tu.

1. Kikao cha asubuhi kinaitwa kikao cha kusimama, lakini mama hukifanya ameketi jikoni. Tunaosimama ni sisi, vikombe mkononi, maana kompyuta imechukua meza. Kila timu huulizwa jana ilifanya nini, leo itafanya nini, na ina kikwazo gani. Timu ya kitufe husema inaisubiri timu ya rangi. Timu ya rangi husema inaisubiri timu ya kitufe. Kisha wote hushukuriana.

2. Jambo hili limehamia nyumbani. Kila Jumatatu jioni tuna kikao chetu mbele ya jokofu lenye vikaratasi vya kazi za kila mtu. Kikaratasi cha baba, "bomba la sinki", kimekaa kwenye safu ya "Inaendelea" mpaka kimepauka. Kaka yangu haoshi vyombo siku hizi. Anasema, "Sijakataa mimi, nimekwama. Naisubiri timu ya wanaokula." Bibi alipoulizwa kikwazo chake alijibu, "Kikwazo changu ni kusimama, mwanangu. Nileteeni kiti." Mama akaandika "kiti" kwenye kikaratasi. Kiti kililetwa Jumatatu iliyofuata.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Ijumaa hii saa nane mchana shule yetu ina mdahalo, nami ni msemaji mkuu kwa mara ya kwanza. Mada ni "Manahodha wengi, chombo huenda mrama", na mimi naunga mkono. Saa hiyo hiyo timu zako zote zina kikao kikubwa. Mdahalo uliopita mama aliusikiliza kwa simu ya mwalimu, huku yuko kikaoni. Nilipomaliza hoja yangu, simu ikasema mbele ya ukumbi mzima, "Asanteni sana. Timu inayofuata." Tangu siku hiyo shuleni naitwa Timu Inayofuata.

4. Nimefikiri sana. Mama hajawahi kukosa kikao cha timu. Basi kosa si lake, ila sisi si timu. Naomba utuandikishe. Sifa tunazo: tunasubiriana, tunalaumiana kwa heshima, na kazi hatumalizi. Tukishaandikishwa, mdahalo uwe kikao rasmi na timu zote zije shuleni. Mwalimu wa zamu amenihakikishia kuwa mlango wa ukumbi ni mpana, ingawa sikumwambia kwa nini nauliza. Timu ya kitufe na timu ya rangi nitazikalisha benchi moja. Nadhani watamaliza kabla ya kengele.

5. Hili si lalamiko. Mama akisikiliza kwa moyo wote, huinamisha kichwa upande kidogo. Ningependa kumwona hivyo nikiwa jukwaani.

Zisalimie timu zote, hasa ile inayosubiri. Bibi anakusalimu, akiwa ameketi.

Wako mtiifu,
Binti wa Mratibu,
msemaji wa timu tarajiwa

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha bibi akaniuliza nimeandika nini. Nilipomweleza alisema, "Kwani hukusikia, mjukuu wangu? Mama yako amekisogeza kikao cha Ijumaa kiwe asubuhi. Alitwambia Jumatatu hapo kwenye jokofu, tukapanga hata nani atakaa mbele." Jumatatu hiyo mimi nilikisusia kikao, nikajifungia chumbani kuandika barua hii. Nimekwenda kutazama. Kikaratasi kipo, mwandiko ni wa mama: "Mdahalo. Wote."

Kwa hiyo tafadhali usizijali namba moja hadi nne. Namba tano ibaki. Mimi sasa nina kikwazo kimoja: manahodha wengi wamekifikisha chombo salama, hivyo inanipasa kuhamia upande wa wapinzani, na kwa hilo, itabidi tuitishe kikao.