Nta Kwenye Suruali ya Mpima Ardhi

Jumamosi, 2 Machi

Amevua glavu! Vipindi vitano nimesubiri. Leo bwana wa kasri amevua glavu ya mkono wa kulia, akamshika kiganja binti wa kasisi ili apande gari la farasi. Sekunde mbili. Basi. Kisha akaondoka kwa miguu ndani ya ukungu, bila hata kuaga. Nilikuwa na karanga mdomoni. Nilisahau kutafuna.

Shangazi aliuliza ni nani aliyemfunga binti huyo vifungo vya mgongoni, maana viko arobaini na kitu, na baba yake macho hayaoni vizuri. Ndivyo anavyotazama tamthilia za Waingereza wa zamani. Wengine tunatazama nyuso, yeye anatazama mishono. Ni fundi cherehani. Sebule yetu ndiyo duka lake: cherehani mbili, kioo kirefu, pazia la kujaribia nguo, na televisheni juu ya kabati la vitambaa.

Naishi naye tangu nianze sekondari. Mwisho wa mwaka namaliza shule na kuondoka. Nani atatazama naye? Wanaume wote wenye kofia ndefu yeye huwaona mmoja. Nani atamwambia kwamba huyu ni mjomba, yule ndiye tapeli? Lazima nimtafutie mtu kabla sijaondoka.

Sheria naijua. Nimeisoma katika tamthilia saba. Atakayekupenda kuliko wote ni yule aliyekutukana mwanzoni. Bwana wa kasri, kipindi cha kwanza, alisema binti wa kasisi ni kama kiti cha ukumbini: kina kazi, ila hakuna anayesimama kukitazama. Na sasa glavu! Anayetabasamu mwanzoni, huyo mwogope. Ana mke mji mwingine.

Kwa hiyo Fundi Saa ananitia wasiwasi. Anatengeneza saa katika kibanda cha ng'ambo ya barabara. Ametabasamu tangu siku ya kwanza. Mwaka huu ameleta suruali ileile ya kahawia mara kumi na moja, mara ipunguzwe kiuno, mara iongezwe. Mtu gani ananenepa na kukonda hivyo? Ana siri.

Leo alisema, macho sakafuni, kwamba ameitwa kutunza saa za stesheni katika mji mwingine. Anaondoka Jumapili ijayo. Shangazi alimwambia hongera, fundi. Yeye akasema asante, fundi. Huitana hivyo. Alipotoka, Shangazi akashonea mkono wa shati mahali pa kola. Sijawahi kumwona akikosea namna hiyo.

Uchovu. Maskini Shangazi wangu.

Jumatatu, 4 Machi

AMEKUJA!

Nilikuwa nyuma ya pazia na kitabu cha historia. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mrefu. Kidevu juu. Buti zina tope hadi vifundoni, kumaanisha kwamba ametembea shambani asubuhi, peke yake, akiwaza! (Ni mpima ardhi. Hutembea shambani kila siku. Lakini hata hivyo.)

Hakusalimia. Alitupa mezani suruali ya kijivu aliyoshonewa wiki iliyopita. Akasema aliagiza mguu wa sentimita mia na mbili, na huu una mia na nne. Akatoa tepu yake mfukoni, akapima mbele ya Shangazi. Mia na nne, kweli. Shangazi akapima kwa futi yake. Mia na mbili. Bwana yule akasema futi ya fundi nguo ni kamba tu yenye namba, yeye ni mtaalamu, mipaka ya nusu ya mji huu ameiweka yeye. Akasema hata gunia la mkaa hushonwa kwa akili zaidi.

Gunia la mkaa! Nilishika pazia nisianguke. Hata bwana wa kasri hakufika huko.

Shangazi alimjibu taratibu kwamba mteja akitaka kupunguziwa atapunguziwa, aje Alhamisi. Ijumaa bwana yule ana sherehe ya kazini, anapewa cheti. Akaondoka bila kuaga! Ukungu haukuwepo, lakini lori lililopita liliacha vumbi, naye akapotelea humo. Nimeduwaa hadi sasa.

Nilimuuliza Shangazi anamwonaje. Akasema yule baba ana mdomo kama wembe, na Mungu amsaidie mke atakayempata.

Anamfikiria kama mume tayari!

Jumanne, 5 Machi

Jirani yangu wa dawati anasema mimi ni mgonjwa. Anasema watu wa kasri hawafanyi lolote ila kupanda ngazi na kushuka. Kwamba nikitaka mapenzi ya kweli nitazame filamu za siku hizi za kuchekesha. Baada ya shule nikaenda kwao tukatazama moja.

Maoni yangu, bila upendeleo. Dada mkuu wa filamu ni mwandishi wa gazeti lakini hakuandika hata sentensi. Ameanguka mara tatu, mara zote juu ya mwanamume yuleyule. Rafiki yake hana mama, hana kazi, hana homa. Yupo tu kochini anasubiri kuambiwa mambo. Halafu mwishoni yule kaka akakimbia uwanja mzima wa ndege kwa kiatu kimoja. Nikauliza kwa nini asipige simu. Jirani yangu akaniambia akipiga simu filamu si itaisha, wewe vipi?

Nililia, hata hivyo. Kile kiatu kimoja!

Nimejifunza kwamba watu wa siku hizi wanaongea sana, kwa hiyo lazima mmoja akimbie. Watu wa zamani wananyamaza, kwa hiyo lazima mmoja aandike barua. Shangazi ana goti bovu. Barua, basi. Kwa kuwa hataandika, nimemwandikia:

"Bwana Mpimaji, umeupima mshono wangu lakini hujaupima moyo wangu. Mipaka yake ni mipana kuliko unavyodhani. Njoo bila tepu. Ni mimi, mwenye sindano."

Nilipoisoma mara ya pili vinyweleo vilinisimama. Sikujua kama nina uwezo huu.

Barua bila muhuri si barua. Nikayeyusha mshumaa mwekundu juu ya bahasha, donge kubwa, nikalipiga chapa kwa kastabani, ile kofia ndogo ya chuma anayovaa Shangazi kidoleni akishona. Vitobo vyake vilitoka kwenye nta kama nyota. Uzuri ulioje! Suruali ya kijivu ilikuwa imetundikwa tayari, imekunjwa pindo. Nikaitia bahasha mfuko wa nyuma.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha.

Miaka mitatu naishi katika nyumba hii. Miaka mitatu namwona Shangazi akiipa kila nguo pasi ya mwisho kabla ya kuikabidhi. Kila nguo! Mwaka jana aliipiga pasi hata leso aliyopewa kufungia vifungo.

Niliporudi kutoka shuleni nilikuta harufu ya kanisani. Shangazi amesimama, pasi hewani. Suruali imelala kifudifudi mezani. Kwenye makalio, upande wa kulia, doa jekundu ukubwa wa chapati. Bahasha imegandia ndani ya mfuko. Kesho yule bwana anaifuata. Keshokutwa anapanda jukwaani kupokea cheti, mgongo kwa wenzake wote.

Shangazi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliniuliza tu kwa upole kama najua nta imefikaje pale. Nikatazama ukuta. Akasema sawa, kwanza tuokoe suruali. Alivuka barabara mwenyewe, na goti lake, akamleta Fundi Saa.

Sasa naandika nilichokiona, kwa sababu sijui nikiweke wapi.

Fundi Saa alikuja na kibano, chupa ndogo ya petroli ya kusafishia saa, na ile lenzi yake anayoibana jichoni. Alikwangua nta kipande kwa kipande, kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kisha Shangazi akaweka karatasi ya kaki juu ya doa na kupitisha pasi ya uvuguvugu. Nta ikapanda kwenye karatasi! Ilichanua pale kama ua. Karatasi nyingine. Ua jingine, dogo zaidi. Fundi Saa anaweka karatasi, Shangazi anapitisha pasi. Hawakuambiana weka, hawakuambiana toa. Vichwa viwili juu ya makalio ya suruali moja, zaidi ya saa nzima. Kuna wakati karatasi iliteleza na mikono yao ikaishika pamoja. Hakuna aliyeiondoa haraka. Mimi nilihesabu: sekunde nne.

Nilisahau kupumua. Lakini hakuwa na glavu, kwa hiyo sijui kama inahesabika.

Halafu Fundi Saa akaivuta bahasha. Ikachanika. Kipande kikabaki kwenye kibano, naye akakisoma kwa lenzi: "hujaupima moyo wangu... njoo bila tepu." Alitoa lenzi jichoni polepole. Akamuuliza Shangazi, sauti imeshuka hadi kwenye viatu, kama angependa barua irudishwe mfukoni imfikie mwenyewe.

Shangazi akakichukua. Akasoma. Akanitazama. Akasema mwandiko huu anaujua, ndio unaoandika orodha yake ya sokoni kila Jumamosi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika cherehani, mpaka machozi, anarudia njoo bila tepu, njoo bila tepu, jamani mtoto huyu! Fundi Saa naye akaachia pumzi ndefu niliyoisikia hadi kwenye pazia.

Adhabu yangu: kufumua pindo za sare thelathini za kwaya kwa wembe, na wiki nzima bila tamthilia. Nimekubali. Mashujaa wote huteseka.

Alhamisi, 7 Machi

Suruali safi kama mpya. Petroli inanukia kidogo tu. Nilikuwa nyuma ya pazia na sare za kwaya, moyo mkononi. Leo ndipo angelainika. Sheria ni sheria.

Mpima Ardhi alinusa, akauliza kama hapa ni duka au gereji. Akavaa. Akatoka mbele ya kioo. Soksi zote nje! Alikuwa kama mtu anayetaka kuvuka mto. Akaanza kufoka kwamba ameharibiwa. Shangazi akamwomba apime mwenyewe. Akapima. Mia na mbili kamili, kwa tepu yake. Akapima tena. Mia na mbili.

Fundi Saa alikuwa amekaa kwenye kigoda (alisema amefuata kibano chake, kibano kilikuwa mfukoni mwake, nilikiona). Akaomba kwa adabu aione hiyo tepu, mzee. Akailaza kando ya rula yake ndogo ya chuma. Akasema ncha ya tepu imekatika zamani. Inaanzia mbili.

Mpima Ardhi akaigeuza tepu, akaitazama ncha.

Shangazi akasema kwa heshima zote kwamba pindo bado lina kitambaa, atalishusha sasa hivi, bwana asubiri. Na akamwomba Mungu awalinde wenye viwanja wa nusu ya mji huu. Mpima Ardhi alisubiri kwenye kigoda, kidevu chini, bila suruali, amejifunga khanga ya Shangazi. Hakutukana tena. Hakulainika pia. Alisema asante kwa mlango, si kwa Shangazi.

Sielewi. Labda anahitaji vipindi zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Kesho Fundi Saa anasafiri. Amekuja mchana kuchukua suruali yake ya kahawia. Shangazi aliifunua mezani, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiuno. Akamwambia, fundi, kitambaa hiki kimechoka. Nimekipunguza na kukiongeza hadi hakishiki uzi. Sitaigusa tena. Ukitaka kuendelea kuja hapa itabidi utafute sababu nyingine.

Fundi Saa akasema hana suruali nyingine.

Shangazi akasema hajazungumzia suruali.

Nilikuwa na wembe na sare ya ishirini na sita. Nimeikata hadi gotini, bila kujua.

Fundi Saa aliikunja ile suruali. Akasema saa za stesheni ziko kumi na nne. Akasema zimechelewa miaka yote hii na treni bado zinafika, na barua ya kukataa ataituma leo. Kisha akauliza kama kiti kile cha karibu na televisheni kina mwenyewe. Shangazi akamwambia kiti kina kazi, na mtu wa kukikalia anakaribishwa.

Adhabu ikavunjwa kwa heshima ya siku. Tukatazama watatu. Fundi Saa alimtambua tapeli mara moja, kofia au bila kofia, akamnong'oneza Shangazi. Dakika zote nilikuwa nawatazama wao. Mwanga wa televisheni usoni kwao, bakuli la karanga katikati, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyetukana. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ilikuwa kama ile karatasi ya kaki, kitu kinapanda chenyewe kutoka chini na kuchanua.

Nimefurahi hadi nimeumwa na kifua. Bila shaka ni bahati tu. Kisheria haikupaswa kutokea.

Jumatatu, 11 Machi

Leo maktaba. Kuna mwanafunzi mpya, amehamia kidato chetu. Mrefu. Kidevu juu. Nilimpa njia kati ya rafu, akatazama daftari langu na kusema kwamba insha yangu ni ndefu kama foleni ya hospitali, na kwamba vidole vyangu vinanuka petroli.

Akaondoka bila kuaga!

Nimekaa dakika kumi bila kugeuza ukurasa. Jirani yangu wa dawati anasema ni mshenzi tu, nimwache. Hajui kitu. Amezoea filamu za kukimbia.

Jioni nilipitia dukani nikanunua mshumaa. Wa bluu, safari hii. Hiyo ndiyo rangi ya suruali za sare. Nimemuuliza Shangazi kama wavulana wa shule yetu huleta suruali zao kwake, na kama za sare nazo hupigwa pasi ya mwisho.

Fundi Saa ameinuka kwenye kiti chake. Amekwenda kibandani kuleta chupa ya petroli, ameiweka kwenye rafu, karibu na pasi.