Zege Lililonyweshwa Maji

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetangaza vita. Mama Mkate anataka kujenga ukuta kati ya chumba cha tanuri na stoo ya unga na mitungi ya gesi. Mkaguzi wa zimamoto kamwambia wazi: ukuta usipozuia moto kwa muda wa saa mbili, hapati kibali cha kufungua. Na nani mtaani anafyatua matofali ya zege? Mimi! Na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye watu humwita Taratibu kwa sababu hata chai huinywa kama anaipima.

Mke wangu amesema, tena mbele ya mama yake, kwamba nikiikosa kazi hii nafunga kiwanda na kwenda kuajiriwa na kaka yake. Chini ya Taratibu! Heri nile kokoto.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata siri. Fundi dari alikuja kununua mchanga, tukapiga soga. Kasema ule ubao mweupe wa jasi huchelewesha moto kwa sababu ndani yake kuna maji. Moto lazima uyamalize kwanza ndipo upite.

Maji! Yaani jasi, kitu unachokikwangua kwa ukucha, kinatamba kwa maji tu? Basi zege langu nitalinywesha mpaka likome. Fundi dari akaanza kueleza eti maji ya jasi yamefungamana nayo toka mwanzo, si ya kumwagia. Nikamwambia mchanga wake uko tayari, safari njema. Mafundi dari hawajui kunyamaza.

Alhamisi, 7 Machi

Matofali yangu yako ndani ya pipa tangu juzi. Yanakunywa vizuri. Mke wangu kauliza mbona bomba halina maji ya kuoshea vyombo. Nikamjibu kwamba sayansi ina kiu. Kalibeba pipa dogo kwa hasira, akaniachia kubwa.

Taratibu naye kapita na baiskeli yake. Kachungulia, kasikitika, kasema niyatoe yakae kivulini wiki kadhaa, zege lenye maji likikutana na moto hupasuka. Yake, eti, yamekaa chini ya turubai tangu mwezi uliopita. Wivu mtupu! Mtu akiona unakaribia kufanikiwa, anaanza kukushauri. Nikaongeza ndoo mbili mbele ya macho yake.

Jumamosi, 9 Machi

Mtihani wa kuchagua matofali umefanyika uani kwa Mama Mkate, kwenye matanuri mawili ya zamani. Kila mmoja wetu kaziba mdomo wa tanuri moja kwa matofali yake. Moto ndani, sisi nje. Mkaguzi kasema atakuwa anasogeza pamba nyuma ya kila ukuta. Pamba ikishika moto, mwenye ukuta ameanguka.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Ukuta wangu ukaanza kutoa jasho, matone yakitiririka hadi chini. Nikawatangazia watu kwamba hiyo ndiyo kazi, wautazame vizuri. Wa Taratibu umesimama tu, mkavu, hauna hata la kusema.

Kisha: paa!

Mama Mkate kajitupa nyuma ya magunia. Paa tena! Vipande vikawa vinaruka humo ndani kama bisi. Nikapaza sauti kwamba ukuta unapigana, waupe nafasi. Ukapigana mpaka ukatoboka tundu la kupita paka. Pamba ikawaka kabla mkaguzi hajanyoosha mkono vizuri.

Kanieleza kwamba maji yaligeuka mvuke, mvuke ukakosa njia, ukalipasua zege. Nikamwambia hata mimi nikifungiwa ndani na moto nitapasua. Kwa hiyo zege langu lina moyo! Hakuandika hilo popote.

Ukuta wa Taratibu ulimaliza muda wote. Mkaguzi aliuwekea kiganja mgongoni na hakukitoa.

Mama Mkate alinivuta pembeni. Kasema kwa upole kwamba ananipenda kama jirani, ila wakanda unga wake watashinda nyuma ya ukuta huo kutwa nzima na hawezi kubahatisha maisha yao. Hilo liliniuma. Nilitamani anitukane tu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeripoti kazini kwa shemeji. Kanipokea kwa chai na kiti. Hakucheka hata kidogo, jambo ambalo ni dharau ya hali ya juu. Kanipa koti la kazi. Nimelivaa nje ndani, ajue sijasalimu amri. Kazi yangu ni kulinda matofali ya Mama Mkate chini ya turubai, basi. Mke wangu kapika vizuri leo na anaimba. Simsemeshi.

Jumanne, 12 Machi

Nimewaza kutwa na nimelipata kosa. Maji yalikuwa machache! Mke wangu asingeondoka na lile pipa dogo, leo Taratibu angekuwa anavaa koti langu.

Ila mimi si mtu wa kinyongo. Mchana shemeji kaenda kuagiza saruji, nikabaki na haya matofali yake. Makavu mpaka yanatia huruma. Na ndiyo yanayokwenda kwa Mama Mkate kesho asubuhi! Jina la familia liaibike? Nimefunua turubai, nimeunganisha mpira wa bomba, nimeyamwagilia mpaka yakakataa. Sitamwambia shemeji. Moto utakapokuja, atajionea mwenyewe.