Povu la Paa la Wodi ya Wazazi, Lihangala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ametoa udhuru asubuhi hii na kunikaimisha nafasi yake, hivyo najisalimia mwenyewe, Waheshimiwa Madiwani mliopo na mliotuma salamu, Mwenyekiti wa Kijiji chetu cha Lihangala, Mzee Salvatory, watendaji wa ngazi zote kuanzia ya kata kushuka hadi zinapoishia, viongozi wetu wa dini, mapadri kwa mashehe, wazee wetu, shikamooni (Marahabaa!), kikundi cha ngoma, ambacho naomba kipumzike kidogo, wageni waalikwa, na wageni ambao hamkualikwa lakini mmeshakaa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mimi ni Ildefonce, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Ufanisi wa Nishati katika Majengo ya Bonde la Kilombero, na kabla sijaanza naomba mjipigie makofi. (Makofi machache.) Hayo ni yenu. Sasa yangu. (Makofi yanapungua.)

Ndugu wananchi, tumekutana mbele ya wodi hii ya wazazi ya zahanati yetu kuzindua jambo la kihistoria, nalo ni povu. Wengi wenu mkisikia povu mnawaza sabuni. (Kicheko.) Msicheke, hata mimi nilikuwa huko huko. Povu hili ni teknolojia, linaitwa spray foam, linapulizwa kwa mpira chini ya bati, linaumuka kama andazi, linakauka, na kuanzia hapo joto la bati likitaka kumshukia mgonjwa linakuta njia imefungwa. Feni inazimwa, betri ya sola inapumua, taa ya kuzalishia inawaka mpaka kunakucha, friji ya chanjo haizimiki ovyo, na hiyo ndiyo sisi wataalamu tunaita energy efficiency, yaani, kwa Kiswahili chepesi, efishensi ya enaji. Kwa mujibu wa baseline survey niliyoifanya mimi mwenyewe, kwa kuingia wodini na kutoka mbio, joto litashuka kwa asilimia mia moja na ishirini. (Sauti ya mama: "We! Si tutaganda?") Mtaganda kwa awamu, mama, mradi ni shirikishi.

Najua kuna minong'ono kuhusu nyasi. Ni kweli, kila kiangazi akina baba wa hapa mlikuwa mnaezeka nyasi juu ya bati la wodi hii, na ni kweli kulikuwa na ubaridi fulani wa kienyeji. Lakini nilipokuja mwezi uliopita kwa site visit nilijiuliza, hivi mfadhili akitua hapa akakuta jengo la Serikali limevaa nyasi kama kibanda cha kuamia ndege, atatuelewaje? Nikaamuru ziezuliwe na kuchomwa siku ile ile, ili kulipisha povu. (Mzee Salvatory anasimama: "Lakini bwana Mratibu, povu si umesema linapulizwa chini ya bati? Nyasi zilikuwa juu. Zilikuwa zinamzuia nani?") Swali zuri sana, Mwenyekiti, na litajibiwa kwenye kikao ambacho wewe si mjumbe. (Zogo.)

(Muuguzi Fausta anatokea mlangoni mwa wodi, jasho linamchuruzika: "Samahani, baba. Nina Leticia humu ndani tangu alfajiri, uchungu umekolea, bati limechemka, na feni imeshamaliza betri. Ananiishia nguvu, mtaniulia mzazi! Nipeni hilo turubai lenu tulitupie juu ya paa.") Sista, nimekupata, Leticia mpe pole zangu, mwambie avumilie, kwa sababu yeye ndiye mfano hai wa changamoto ninayoielezea. Turubai haliwezekani. Chini ya turubai kuna meza kuu, na meza kuu haianikwi juani kama mpunga. (Watu: "Aaa! Aibu!" Evod, mumewe Leticia, anatoka kwenye umati bila kuaga. Ndugu zake wanamfuata.)

Huyo anayeondoka atakosa mambo mazuri. Povu hili likitoka hapa linakwenda Idete, linakwenda Namawala, linavuka mto Lumemo bila kuloa, linaingia Ifakara mjini kwa king'ora. Nitapulizia shule, makanisa, misikiti, maghala ya mpunga, nitapulizia hata kilabu cha mama Yosefina ili watu walewe bila kutoka jasho. (Shangwe. Baiskeli nne zilizosheheni nyasi zinapita nyuma ya meza kuu.) Mnaona? Wafugaji wetu hao, wanapeleka malisho, hawasubiri hotuba iishe, na huo ndio uchumi ninaouhubiri katika roadmap yetu ya miaka kumi yenye nguzo saba ambazo nitazisoma moja baada ya nyingine.

Nguzo ya kwanza. (Ngazi inaegeshwa kwenye ukuta wa wodi.) Nani huyo juu ya paa? Evod! Shuka! Hilo ni eneo la mradi! (Evod: "Mke wangu yumo humu! Ukitaka nishuke, panda unishushe!" Umati unashangilia. Mzee Salvatory anakunja suruali na kuanza kupandisha nyasi.) Mwenyekiti, na wewe? Mbele ya meza kuu? Jamani, mnanivunjia uzinduzi, mnanidhalilisha mchana kweupe! Katibu wangu, Osward, usipige picha. Nimesema usipige. Hebu subiri. Piga. Inama upige kutokea chini, nyasi zisionekane vizuri, watu waonekane kazini. Ndugu wananchi, utekelezaji umeanza!

Povu hoyee! (Umati unapokezana nyasi.) Povu hoyee! (Kutoka paani: "Leta nyasi!") Nishati nafuu! ("Leta nyasi!") Kiangazi bila jasho! ("Leta nyasi, wewe!") Naona tunakwenda pamoja.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru sana mfadhili, na siku tukimpata nitamtaja jina. Namshukuru mkandarasi, ambaye ataanza kutafutwa mfadhili akishapatikana. Nalishukuru na povu lenyewe, ambalo, Mungu ni shahidi, sijawahi kulitia machoni, ila nilimwona mzungu mmoja akilipuliza ndani ya simu ya kinyozi wangu, nikalipenda palepale, na jioni ile ile nikajiteua kuwa Mratibu. (Hakuna anayesikiliza. Nyasi zimeshafunika upande wa chumba cha kuzalishia. Ndani kinalia kichanga. Vigelegele. Fausta, dirishani: "Wa kike! Mama mzima! Endeleeni kuezeka!") Mnasikia? Mnasikia sauti hiyo? Osward, andika haraka: mradi umekamilika kwa mafanikio makubwa, mnufaika wa kwanza amepatikana, na analia kwa furaha. Asanteni sana kwa kunisikiliza.