Msimamizi wa Chumba cha Pamba

Jumatatu, 3 Juni
Mimi nilizaliwa na bahati ya kumwaga. Hata mashine huniheshimu! Leo bosi katangaza: kiwanda kinaachana na poliesta, tunahamia pamba tupu. Atakayefuma jora zuri la kwanza atasimamia chumba kipya. Nikasema pamba naijua kwa kuinusa tu. Shemeji, mdogo wa mke wangu, mfumaji mwenzangu, akacheka hadi kofia ikamdondoka. Nimeshamwambia mama mkwe cheo ni changu. Akauliza, na mwanangu je? Nikamwambia asijali, nitampa kazi ya kufagia.

Jumanne, 4 Juni
Chumba cha pamba kina unyevu kama bafu! Juu ya kila mashine kuna bomba linavuja mvuke. Mafundi wazembe hawa. Langu nimelifunga mwenyewe, kimyakimya. La shemeji nimeliacha. Alowe!

Jumatano, 5 Juni
Pat! Uzi umekatika. Pat! Mwingine. Nimeunga hadi vidole vimekufa ganzi. Shemeji yuko ndani ya mvuke wake, anafuma huku anapiga mluzi. Kaja kuniuliza pamba inanukaje leo. Mshenzi. Hata hivyo nikamgawia chai yangu, kasahau chupa nyumbani. Moyo wangu ndio unaniponza.

Alhamisi, 6 Juni
Akili ni mali yangu! Stoo kumebaki poliesta ya zamani. Nyeupe, ngumu kama kichwa cha shemeji. Nimeifuma badala ya pamba. Jora limeisha kabla ya chakula cha mchana, linameremeta. Mama mkwe kawatangazia majirani.

Ijumaa, 7 Juni
Bosi kaja na kiberiti. Nani alijua! Kachoma uzi wa shemeji: ukawa jivu laini, kama karatasi. Kachoma wangu: ukayeyuka, ukawa kishanga cheusi, harufu ya ndoo ya plastiki iliyoungua. Akaniambia haya, nusa. Fundi naye akauliza nani kafunga mvuke, maana pamba ikikosa unyevu hukatika. Nikasema labda upepo.
Msimamizi ni shemeji. Yeye ndiye aliyeniombea nisifukuzwe. Akanikabidhi ufagio.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe kauliza kazi mpya ikoje. Nimemwambia nasimamia pamba yote inayoanguka chini. Kafurahi mno.
Wiki ijayo inakuja mitambo ya rangi. Nitamwambia bosi rangi naijua kwa kuionja.
Ila daftari silidanganyi. Ile bahati niliyojisifia Jumatatu ni uongo. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja.