Steki ya Dola Kumi na Tisa

Jumatatu, 9 Machi
Balaa! Mke wangu Verlene, ambaye pia ndiye mpishi wangu, karudi kutoka saluni na habari. Ofisi ya kumbukumbu ya serikali kuu, ng'ambo ya barabara, inakuja kukaguliwa. Mkaguzi anatoka Washington, anaitwa Bi. Ostrander. Inasemekana ofisi itahamishiwa Ohio. Watumishi mia mbili na kumi! Mgodi wa makaa ulishafungwa, kiwanda cha vioo nacho kikafuata. Mshahara wa uhakika uliobaki mjini ni wa serikali, na kila saa sita mchana unaketi kwenye meza kumi na moja za mkahawa wangu. Wakihama, mkate wangu wa nyama ya kusaga nimuuzie nani? Kulungu wa Virginia Magharibi?

Verlene kasema tumwombe Mungu. Nimemwambia tutaomba, lakini kwanza nampikia Bi. Ostrander steki.

Jumanne, 10 Machi
Kaja! Mwembamba, miwani, mkoba mweusi. Nikamwekea steki, viazi na pai ya tufaha. Nikamwambia, mama, leo usiguse pochi. Akauliza vyote hivyo ni bei gani. Nami kwa majivuno: dola thelathini na nne! Akaisukuma sahani taratibu. Eti mtumishi wa serikali hapokei zawadi inayozidi dola ishirini. Haraka haraka nikasema leo ni kumi na tisa. Akauliza, bei hiyo ni kwa kila mtu? Mkahawa mzima ukageuka kunitazama. Ningesemaje? Nikasema ndiyo, kwa kila mtu.

Steki arobaini kwa bei ya hasara! Bi. Ostrander kalipa kumi na tisa zake, kadai risiti. Hata Oleta Hinkle kavuka barabara kuja kula. Oleta mwenye kibanda cha mikate ya soseji mlangoni pa ofisi, hasimu wangu wa miaka kumi na miwili. Kaniambia, Delmas, uendelee na moyo huo huo. Verlene hanisemeshi.

Jumatano, 11 Machi
Akili mpya! Bi. Ostrander lazima aone kwa macho yake jinsi watumishi wanavyouweka hai mji huu. Tatizo, yeye hutoka ofisini saa nane mchana, na saa hiyo hapa hamna hata nzi. Basi nimemwita shemeji yangu Harlan na binamu zake tisa. Kila mmoja atavaa kamba shingoni, yenye kitambulisho, kama watumishi wa kweli. Vitambulisho ni kadi za maktaba zilizogeuzwa. Watakula bure, kazi yao ni kuonekana tu.

Alhamisi, 12 Machi
Saa nane na robo Bi. Ostrander kachungulia dirishani. Kaingia! Kamuuliza Harlan yuko idara gani. Harlan, viazi tele mdomoni, kajibu: ya serikali. Kamuuliza anarudi kazini saa ngapi. Harlan kajibu kwamba hapa mtu harudi mpaka pai iishe. Bi. Ostrander kaandika kurasa mbili nzima. Nilikuwa na furaha, nusura nimkumbatie. Verlene anasema hakupenda jinsi ile kalamu ilivyokuwa ikikimbia. Yeye na wasiwasi wake!

Ijumaa, 13 Machi
Tangazo limebandikwa. Ofisi haihami. Haikuwa na mpango wa kuhama! Bi. Ostrander alitumwa kuhesabu viti na makabati. Lakini kagundua kwamba watumishi wanashinda mkahawani. Kuanzia Jumatatu, chakula cha mchana ni nusu saa. Mkuu wa ofisi kajitetea kwamba hajawahi kuwaona hao watu kumi. Bi. Ostrander kamjibu kwamba hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Jumatatu, 16 Machi
Wateja wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia. Mkate wa nyama una mchuzi, huwezi kuula ukitembea. Mikate ya Oleta mtu anaimaliza akipanda ngazi. Mvua ikanyesha, foleni ya Oleta ikaomba hifadhi kwangu. Nikaifungulia. Watu sitini wamesimama katikati ya meza zangu, wanasubiri chakula cha adui!

Jioni Oleta kaja mwenyewe. Jiko lake dogo, halitoshi. Kaomba aoke kwetu, faida nusu kwa nusu. Verlene kalia, kisha kaniambia tumeokoka, na tafadhali, Delmas, usiguse kitu chochote. Niliona haya kweli. Ni mkahawa wa baba yake, na nilikuwa nimebakiza kidogo tu niufilisi.

Jumanne, 17 Machi
Mikate mia mbili, yote imekwisha kabla ya saa saba. Verlene na Oleta wanacheka jikoni kama waliozaliwa tumbo moja. Wamenisimamisha mbele yao, wakaniapisha: hakuna tena ujanja. Nimeapa. Kwa moyo wangu wote.

Nimeagiza saa ya ukutani. Kubwa, inasomeka mpaka mlangoni pa ofisi. Nitairudisha nyuma dakika ishirini, nusu saa yao iwe dakika hamsini.